Yamaha YBR125 kwa safari ndefu za kila siku: uzoefu wangu

Naendesha Yamaha YBR125 kwenda kazini na kurudi, zaidi ya kilomita 70 kwa siku, na karibu nusu ya njia hiyo ni barabara kuu. Naipenda na ningeinunua tena. Lakini wengi wanaotafuta pikipiki ya bei nafuu huuliza mambo mawili tu: inauzwaje na inakimbia kiasi gani. Kwa mtu wa safari ndefu, hayo si ya kuanza nayo.

Anza na hesabu. Kilomita 70 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, ni kilomita 16,800. Pikipiki inayokula lita 3 kwa kilomita 100 itamaliza lita 504. Inayokula lita 2.2 itamaliza kama lita 370. Hapo umeokoa lita 134 kila mwaka, na bado hujagusa matairi, cheni wala breki. Hesabu hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye cc 250 iliyotumika, ambayo ilinivutia kweli kweli. Tairi zake ni pana na ghali zaidi, spea zake si za kuokota kila mahali, na injini kubwa iliyochoka ni mzigo usiokwisha. Skuta nazo nilizifikiria, maana zinakinga miguu na zina nafasi ya mizigo chini ya siti. Kilichonizuia ni magurudumu yake madogo, kwani kila shimo linakufikia mgongoni. YBR125 ina magurudumu ya inchi 18, na kwenye lami iliyobomoka unaiona tofauti.

Kilichonifanya niichague hii kati ya cc 125 zote, hata hivyo, ni mtikisiko. Injini ya silinda moja ina pistoni moja inayopanda na kushuka, bila nyingine ya kuituliza. Msukosuko wake hupita kwenye hendeli, kwenye vikanyagio na kwenye siti. Ukienda sokoni na kurudi hutausikia. Ukikaa juu ya pikipiki saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, vidole vinaanza kufa ganzi, na uchovu huo unaingia nao kazini. Ndani ya injini ya YBR125 kuna shafti ya kusawazisha, yenye uzito uliopangwa kuzunguka kinyume cha kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ili kupunguza msukosuko huo. Hauishi wote, ila unabaki kiasi cha kuvumilika, na nashuka mikono ikiwa na nguvu zake. Kwa hiyo unapojaribu pikipiki yoyote, usiridhike na kuzunguka mtaa mmoja. Omba uiendeshe angalau nusu saa, kwa mwendo uleule utakaoutumia kila siku, kisha usikilize mikono yako na kiuno chako. Ukaaji wake ni wa mgongo wima, hendeli iko karibu, na hilo nalo limenisaidia.

Sasa nguvu. Ni cc 124, inapozwa kwa hewa, gia 5, nguvu za farasi kama 10. Kati ya kilomita 70 na 80 kwa saa imetulia kabisa. Ukiikaza hadi 90 itakwenda, lakini mafuta yanapanda na hubakiwi na akiba ya kuongeza mwendo ukihitaji kukwepa kitu. Upepo wa mbele au mlima mrefu utakurudisha gia ya nne. Kupita lori kunataka upange mapema: uone mbali, ushushe gia, upate mwendo kabla ya kutoka nyuma yake. Mwenye haraka atateseka na cc 125 ya kampuni yoyote. Nimeweka sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalozungusha cheni) yenye meno 15 badala ya 14, na mizunguko ya injini imeshuka karibu asilimia 7 kwa mwendo uleule. Kwenye tambarare ni raha tupu. Ukibeba abiria kila siku au njia yako ni ya milima, acha ile ya awali.

Matunzo ndiyo yanayoamua pikipiki ndogo itaishi muda gani kwenye kazi kubwa, na hapa nasisitiza. Mimi hubadilisha oili kila baada ya kilomita 3,000 hivi. Kwa mtumiaji wa wikendi hiyo ni kazi ya mara moja kwa mwaka, ila kwa safari kama zangu ni kila miezi miwili. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi ya pikipiki nyingi za aina hii huogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kulainisha vinavyoifanya iteleze. Cheni nailainisha karibu kila wiki, na kila baada ya mvua. Nililetewa mara moja cheni ya bei ya chini kabisa, ikaanza kuvutika mapema na kula meno ya sproketi, nikalazimika kubadilisha vyote pamoja. Upande wa cheni, tairi na pedi za breki, bei rahisi haifai. Valvu zake ni mbili tu, zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kwa hiyo fundi hatumii muda mwingi.

Breki ya mbele ya toleo langu ni ya diski, ya nyuma ni ya ngoma, na haina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukibana breki. Kwenye lami yenye maji naacha nafasi kubwa mbele yangu na nabana breki taratibu.

Kioo kidogo cha kukinga upepo nilikifunga baadaye, na kifua kimepumzika sana tangu hapo.

Kama sehemu kubwa ya njia yako ni barabara kuu ambako magari yote yanapita kwa kasi ya 100, usinunue hii, wala cc 125 nyingine yoyote, hata uipate kwa bei ya kutupa. Hapo tafuta cc 200 au zaidi, ili uwe na nguvu ya kutoka mbele ya gari linalokujia nyuma.