Tromsø au Rovaniemi: Baridi Ipi Inamfaa Mtu wa Mwanza?

Ukimwambia wakala wa safari kwamba unataka kuona theluji na taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, kwa kawaida atakutajia miji miwili: Tromsø nchini Norwei, au Rovaniemi nchini Ufini. Picha zake zinafanana. Miji yenyewe haifanani.

Tusianze na bei, tuanze na baridi, maana hapo ndipo wengi hukosea. Tromsø iko mbali zaidi kaskazini, karibu nyuzi 70 za latitudo, wakati Rovaniemi imekaa kwenye mstari wa Aktiki, nyuzi 66 na nusu. Hata hivyo Rovaniemi ndiyo baridi zaidi, tena kwa mbali. Wastani wa Januari Tromsø ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Rovaniemi hupita 10 chini ya sifuri, na zipo siku inashuka hadi 30. Sababu ni maji. Tromsø ni mji wa kisiwani, na mkondo wa joto wa Atlantiki unapita pwani yake. Mtu wa kando ya Ziwa Victoria hahitaji kufundishwa jinsi maji mengi yanavyochelewa kupoa. Rovaniemi iko bara, na mito yake miwili, Kemijoki na Ounasjoki, huganda watu wakapita juu.

Usikimbilie Tromsø kwa sababu hiyo tu. Joto linapocheza karibu na sifuri, theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku, na mji una miinuko. Barabara inakuwa kioo. Kinachomwangusha mgeni pale ni utelezi kuliko baridi. Dawa yake ni njumu za mpira na chuma zinazovalishwa juu ya kiatu, zinapatikana katika maduka ya hapo hapo. Zivue kabla ya kuingia dukani, kwani juu ya marumaru zinateleza kuliko soli tupu. Rovaniemi baridi ni kavu, theluji inakaa kama ilivyoanguka, na mtoto anaweza kukimbia.

Halafu kuna giza. Tromsø jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kunakuwa na mwanga wa samawati saa chache za mchana, basi. Rovaniemi, siku fupi kuliko zote ina mchana wa saa mbili na dakika kidogo. Kwa mtu aliyezoea jua la kuanzia alfajiri hadi magharibi mwaka mzima, siku tatu za hivyo zinachosha. Ndiyo maana Desemba, ambayo mawakala huisifu mno na bei zake hupaa, siipendekezi. Nenda mwishoni mwa Februari au Machi: theluji bado ipo tele, usiku bado ni mrefu wa kutosha, na kufikia tarehe 20 Machi mchana na usiku vinakaribia kulingana kama kwetu.

Kwa taa za kaskazini, Tromsø inashinda. Ukanda wa taa hizo unapita juu yake moja kwa moja, hivyo hata usiku wa nguvu ndogo zinaonekana. Adui ni mawingu ya baharini, na waongozaji hulazimika kuendesha gari saa kadhaa kuelekea bara, wakati mwingine hadi mpakani mwa Ufini, kutafuta anga safi. Kwa hiyo weka angalau usiku 4. Aliyelala usiku mmoja anacheza bahati nasibu.

Familia yenye watoto iende Rovaniemi bila mjadala. Kijiji cha Baba Krismasi kiko kilomita 8 hivi kutoka mjini na kuingia ni bure. Unalipia picha, na kulungu na mbwa wa kukukokota juu ya theluji. Tromsø ina kebo ya kupanda mlima Storsteinen, mita 421, na samaki. Wenyeji hukausha chewa wa bahari baridi (cod) kwa upepo bila chumvi, binamu wa mbali wa kayabo.

Mavazi yasikutishe. Makoti mazito hushuka kwenye mitumba ya Mlango Mmoja na wateja wake ni wachache. La manyoya ya bata likamue ngumini kisha uliachie: likivimba tena ni zima, likibaki na madonge manyoya yameshikana na halina joto. Kagua zipu hadi juu. Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu au ya michezo, si pamba, kwa kuwa pamba hushika jasho na jasho linageuka baridi. Kiatu kizidi namba moja. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu na vidole hufa ganzi. Ovaroli nene usinunue, kampuni nyingi za matembezi huazima pamoja na buti. Usoni paka mafuta mazito, si losheni ya majimaji. Simu ikae mfuko wa ndani, kwani betri huzima ghafla.

Viza ni moja kwa nchi zote mbili, ya Schengen: yuro 90 kwa mtu mzima, na bima isiyopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na yanakwenda kwa nchi utakayolala siku nyingi. Alama za vidole unatoa mwenyewe, hivyo bajeti iwe na safari ya ziada nje ya Mwanza.

Kufika, Rovaniemi ina faida ya treni ya usiku kutoka Helsinki, mji mkuu wa Ufini, mwendo wa kama saa 12, yenye vitanda. Unaokoa hoteli ya usiku mmoja. Reli haifiki Tromsø, unaruka kutoka Oslo. Vyovyote vile, kipande cha Mwanza hadi Dar kiwe kwenye tiketi moja na safari kubwa. Ukikinunua peke yake kikachelewa, ndege ya mbele haikusubiri na hakuna anayekurudishia. Isipowezekana, lala Dar usiku mmoja, na koti ulibebe mkononi, usilitie kwenye begi la kupakiwa.