Le Canard enchaîné au Private Eye: lipi liko huru zaidi?

Magazeti haya yote mawili huwakejeli wakubwa na kufukua wanayoyaficha. Le Canard enchaîné lilizaliwa Ufaransa mwaka 1915, katikati ya vita, magazeti mengi yalipokuwa yakimeza propaganda bila kutafuna. Hutoka kila Jumatano, halichapishi tangazo hata moja, na hisa zake wanazo wafanyakazi wake. Kwangu hilo ndilo kubwa. Mwaka 1979 lilipofichua habari za almasi ambazo Giscard d'Estaing, rais wa Ufaransa wakati huo, alipewa na Bokassa, aliyekuwa mtawala wa Afrika ya Kati, hakukuwa na mtangazaji wa kutishia kuondoa fedha zake. Anayeshuku vyombo vya habari aulize kwanza: nani analipa?

Private Eye la Uingereza, lililoanza 1961, hutoka kila wiki mbili na hupokea matangazo. Hatari yake kubwa, hata hivyo, imekuwa mahakamani: mwaka 1989 liliamriwa kulipa pauni 600,000 kwa kumchafulia mtu jina, na baada ya rufaa likalipa 60,000.

Kwa muundo, nachagua la Ufaransa. Kwa ung'ang'anizi, nalivulia kofia Private Eye, lililoanza kuandika mwaka 2011 kashfa ya Posta ya Uingereza, ambako wasimamizi wa matawi walisingiziwa wizi kwa makosa ya mfumo wa kompyuta, miaka mingi kabla taifa zima halijashtuka.