Uzoefu wangu: upinde wa kemu, ufa kwenye mkono, na huduma ya kiwanda

Nawinda kulungu kwa upinde hapa Minnesota. Upinde ninaouzungumzia umetengenezwa Marekani na ni wa daraja la juu, yaani zaidi ya dola 1,000 kabla hujanunua hata mshale. Nimewinda nao, umepata hitilafu, umetengenezwa, na bado ninao.

Nianze na mikono yake, yaani vile vipande vinavyopinda ukivuta, maana ndiyo iliyonifanya niuchague. Iko minne, miwili juu na miwili chini, myembamba, ya tabaka za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Ukivuta, inakaribia kulala sambamba. Ukiachia, ya juu inaruka juu na ya chini inaruka chini kwa pamoja, kwa hiyo mshtuko unakufa palepale badala ya kukujia kiganjani. Pinde za zamani ambazo mikono yake ilisimama wima zaidi zilikuwa zinaruka mbele kila ukifyatua. Huu unatulia, na ni kimya, jambo kubwa kwa mnyama mwenye masikio kama kulungu.

Kazi ya kupunguza uzito wa kuvuta inafanywa na kemu, yale magurudumu yasiyo duara kamili kwenye ncha za mikono. Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza ya upinde wa namna hii mwaka 1969, na msingi haujabadilika. Upinde wa pauni 70 wenye punguzo la asilimia 80 unakuachia pauni 14 tu za kushikilia ukishauvuta hadi mwisho. Kulungu akisimama nyuma ya mti akagoma kutoka, unaweza kumsubiri bila mkono kutetemeka.

Sasa hitilafu. Kabla msimu haujafunguliwa katikati ya Septemba, huwa napitisha pamba kavu kwenye mikono yote, juu na chini. Safari hii pamba ikanasa. Mkono wa juu wa kushoto, karibu kabisa na ekseli ya kemu, ulikuwa na kijibanzi kimeinuka, kifupi kuliko ukucha, na ufa mwembamba ukienda nacho. Si kosa langu: upinde haujawahi kufyatuliwa bila mshale, na mishale yangu ni mizito kuliko greni 5 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa kila pauni ya kuvuta, kiwango cha chini kinachotajwa na viwanda vingi. Ukiona ufa wa namna hiyo, usivute tena hata mara moja. Mkono ukikatika ukiwa umevutwa, vipande vinakuja usoni.

Niliandikia kiwanda, na kwa barua pepe nilipigwa danadana: jibu lilelile la kunakili, nenda kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Muuzaji akapiga picha, akatuma namba ya upinde, na kiwanda kikaleta mkono mmoja bure. Fundi wa dukani akaubana upinde kwenye presi, mashine ya kuukunja ili nyuzi zilegee, akabadilisha mkono.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tukafunga karatasi kwenye fremu, nikapiga mshale upite katikati yake. Upinde ukiwa sawa, karatasi inabaki na tundu dogo na alama za manyoya ya mshale. Wangu ulichana karatasi kuelekea kushoto, kila mara. Fundi akasogeza kilalio cha mshale kidogo kidogo, wapi! Nilipovuta naye amesimama nyuma yangu, akaona kemu ya juu imeegama. Mkono mpya ulikuwa laini kuliko jirani yake, unapinda zaidi, gurudumu linalala upande, na mshale unatoka mkia ukiwa pembeni.

Safari hii nikapiga simu, na nikampata fundi wa kiwanda mwenyewe. Huyu mtu nampa heshima zake. Aliniomba nimsomee namba zilizoandikwa kwenye kila mkono, na papo hapo akasema hazilingani. Mikono hupimwa kiwandani inavyopinda ikibeba mzigo, kisha inayofanana hupangwa seti moja. Kuleta mmoja peke yake bila kuuliza namba ni uzembe wa ofisi. Akatuma yote minne bila kuvutana.

Baada ya hapo fundi wa dukani alisokota kebo nusu mzunguko kwa nusu mzunguko mpaka kemu zote mbili zikawa zinafika mwisho kwa wakati mmoja. Tukalegeza bolti za mikono kwa mizunguko sawa, juu na chini, tukatua kwenye pauni 60 hivi. Sheria ya hapa inadai angalau 30 kwa kulungu, kwa hiyo nguvu ipo tele. Karatasi ikatoa tundu safi, na kwenye yadi 30 chembe za kuwindia zinapiga palepale zinapopiga za mazoezi.

Upinde naupa alama za juu, na fundi wa simu pia. Ofisi ya barua pepe, hapana. Na jambo moja bado linaniuma: dhamana inalipia vipuri tu. Kazi ya presi nimeilipia mara mbili kutoka mfukoni, na ile ya pili ilitokana na kosa lao. Nimewaandikia kuhusu hilo, nasubiri. Ukipata ufa kama wangu, piga simu moja kwa moja, wasomee namba za mikono yote, na udai seti nzima kabla fundi hajagusa presi.