Kalenda ya kuchana niliyoinunua Uhindini, baada ya miezi kumi na moja ukutani

Julai 22 ilikuwa Jumanne, na zamu ya kuchana ilikuwa ya binti mmoja wa dawati la mbele. Akaichana karatasi ya jana, akasoma ya siku hiyo kwa sauti: "Leo ni 22/7. Gawanya 22 kwa 7, uone unapata nini." Darasa la sita likakaa kimya kidogo, halafu kijana mmoja akasimama kule nyuma bila hata kunyoosha mkono: "Madam, si ndiyo pai hiyo!"

Nina miaka 19 nafundisha hisabati hapa Dodoma. Kila mwaka naandika ubaoni "tumia π = 22/7", yaani ile pai unayoipata ukigawanya mzingo wa duara kwa kipenyo chake, na kila Julai watoto wanaiandika tarehe hiyo kwenye madaftari yao. Hiyo ndiyo mara ya kwanza darasa langu kuviona vitu hivyo viwili kuwa kitu kimoja.

Kalenda yenyewe ni kitita cha karatasi 365, kila moja nusu ya ukubwa wa daftari, zimebanwa kwa gundi kwenye kadi ngumu yenye tundu la msumari. Nilitoa shilingi 12,000 kwenye duka dogo la stesheneri mitaa ya Uhindini, ambalo linaichapa lenyewe. Mwenye duka ni mzee wa Kigogo. Ukimwamkia "Mbukwa" kwa Kigogo, huondoki pale kabla hajajua kwenu ni Mvumi, Bahi au Kongwa. Nilipoguna kuhusu bei, akanijibu taratibu: "Mwalimu, kalenda za picha utapewa bure mjini humu. Hapa unalipia maneno."

Na maneno yake yana thamani. Kalenda nyingi zinakutajia siku tu: leo nyuki, kesho chai, keshokutwa posta. Hii inakwambia kwa nini siku hiyo na si nyingine. Karatasi ya Machi 14, kwa mfano, ilitueleza kwamba Wamarekani huanza kuandika mwezi ndipo tarehe, kwa hiyo siku hiyo kwao ni 3/14, inayofanana na 3.14. Mwaka 1988 mwanafizikia Larry Shaw, aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya sayansi ya Exploratorium huko San Francisco, akaifanya sherehe: wakatembea kwa kuzunguka duara, kisha wakala pai za matunda, kwa kuwa kwa Kiingereza majina hayo mawili yanatamkwa sawa. Mwaka 2019 UNESCO ikaitangaza Machi 14 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati.

Sisi tunaotanguliza tarehe, 14/3 haitupi kitu. Yetu ni 22/7. Siku ile niliacha somo nililokuwa nimeandaa, tukaanza kupima. Mfuniko wa ndoo ya maji ya darasa: kipenyo sentimita 28, uzi tuliouzungusha ukingoni tukaunyoosha kwenye rula ukafika 88. Tukagawanya. Kisha gurudumu la baiskeli ya mlinzi, kisha sufuria ya uji. Mwisho nikawaandikia pai yenyewe inavyoanza, 3.14159, tukalinganisha. 3.14 inapungua kwa takriban 0.0016, na 22/7 inazidi kwa takriban 0.0013. Maana yake tarehe yetu ya Julai iko karibu zaidi na pai kuliko ile ya Machi. Watoto walipiga makofi kama wameshinda mechi, na mimi nilipiga nao.

Karatasi nyingine niliyoitunza ni ya Mei 20, Siku ya Nyuki Duniani. Imewekwa kumkumbuka Anton Janša wa Slovenia, aliyefundisha ufugaji wa nyuki huko Vienna wakati wa Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria. Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2017, ikaanza kuadhimishwa mwaka uliofuata. Kilichonigusa ni hiki: Mei 20, 1734 si siku ambayo tuna hakika alizaliwa. Ni siku iliyoandikwa kwamba alibatizwa. Marehemu bibi yangu wa Mvumi alikuwa hivyohivyo. Ukimwuliza alizaliwa lini, anafungua sanduku la bati, anatoa cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne, anakuonyesha kwa kidole. Hiyo ndiyo ilikuwa tarehe yake, na hiyo ndiyo tuliyoiandika msalabani. Nilipowasimulia, mtoto mmoja ambaye baba yake ana mizinga upande wa Manyoni akasema naye babu yake yuko vivyo hivyo. Kesho yake akaniletea asali kwenye chupa ndogo.

Julai 7 ilikuwa sikukuu, kwa hiyo tuliisoma shule ilipofunguliwa. Kwa watoto wa hapa Sabasaba ni soko na mahali pa kupandia daladala. Walishangaa kusikia kwamba jina linatoka siku kilipozaliwa TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika, Julai 7, 1954, na kwamba ni kwa sababu ya siku hiyo, na jinsi Mwalimu Nyerere alivyokitumia Kiswahili kuwaunganisha watu kudai uhuru, UNESCO iliamua Novemba 2021 kuifanya Siku ya Kiswahili Duniani. Hapo mzee ameandika vizuri sana, kwa mistari sita tu.

Sasa kasoro, maana zipo. Gundi haifai kwa Dodoma. Ulipoanza upepo mkavu wa Juni ikapasuka, tukawa tunaziokota karatasi za Septemba uani. Nilitoboa matundu mawili juu nikashona kwa uzi wa gunia, na hadi leo imeshika. Wino wa kurasa za Aprili ni hafifu, mtoto wa dawati la tatu hasomi. Na kubwa kuliko zote: karatasi ya Julai 31 imeandikwa "Siku ya Mwanamke wa Afrika", basi, chini patupu. Siku hiyo ndiyo ilipaswa kujazwa hadi ukingoni, kwa sababu ni ya kwetu. Julai 31, 1962 wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam wakaunda umoja wao wa bara zima, kabla hata OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, haijazaliwa mwaka 1963. Niliijaza mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Februari haina 29 mwaka huu, lakini karatasi ya 28 imekumbuka kusema kwamba Siku ya Magonjwa Adimu ilianza Februari 29, 2008, tarehe adimu kwa maradhi adimu. Nilipenda uangalifu huo. Na wiki ijayo tutafika Novemba 19, Siku ya Choo Duniani. Nimeshachungulia: Jack Sim wa Singapore alianzisha shirika lake la vyoo mwaka 2001, akalipa jina ambalo kwa Kiingereza herufi zake za mwanzo ni zilezile za Shirika la Biashara Duniani, WTO. Umoja wa Mataifa uliikubali siku hiyo mwaka 2013. Kwenye shule ambayo watoto wanapanga foleni ya matundu ya choo mapumziko yote, karatasi hiyo nataka aisome mwalimu mkuu mwenyewe kwenye mstari wa asubuhi.

Jumamosi nilipita dukani na karatasi yangu ya Julai 31 mkononi. Mzee alivaa miwani, akaisoma yote, akaniomba niiache. Ya mwakani itakuwa shilingi 13,000, na ameahidi kuishona badala ya kuibana kwa gundi. Nimelipia tatu: ya darasa, ya ofisi ya walimu, na ya mama yangu Mvumi.