RAV4 ya 2003 au X-Trail ya 2009: ipi utaihudumia mwenyewe nyumbani?
Kama una uwanja wa kupaki pale Tabata au Kimara na boksi la spana, mimi nakushauri RAV4 yenye injini ya 1ZZ, ile ya cc 1800. Kubadilisha plagi ni kazi ya nusu saa: toa kava la plastiki, fungua bolti ya namba 10 kwenye kila koili inayoipa plagi umeme, ichomoe, plagi hizo hapo. Kwenye X-Trail T31 yenye injini ya MR20 ya cc 2000, manifodi ya kuingizia hewa imezikalia plagi kwa juu. Lazima uifungue kwanza, na gasketi zake zikikaa vibaya injini itavuta hewa pembeni. Hiyo mwachie fundi.

Gia nazo zinatofautiana. X-Trail nyingi ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, zinataka oili ya Nissan ya NS-2, usiweke nyingine hata muuzaji wa vipuri wa Gerezani akuhakikishie vipi. RAV4 hii ina otomatiki ya kawaida ya gia nne.

Lakini 1ZZ, hasa za mwanzo, hula oili. Chomoa stiki ya oili uangalie kiwango kila Jumapili, tafadhali.

Chujio la hewa ni rahisi kote kuwili, na kwa vumbi letu likague mara kwa mara.