Kibanda cha kukunja cha "watu watatu" kwa familia inayowinda kulungu: kinachoficha na kisichoficha

Msimu wa bunduki wa kulungu huko Wisconsin, Marekani, una siku tisa tu, ukianza Jumamosi inayotangulia Thanksgiving, sikukuu ya kushukuru ya mwishoni mwa Novemba. Ndani ya siku hizo kila mtu nyumbani anataka nafasi yake: babu, baba, mtoto wa miaka kumi anayeingia porini mara ya kwanza, na binamu aliyekuja kula bata mzinga akajikuta amevalishwa fulana ya rangi ya chungwa. Hapo ndipo vibanda vya kukunja vinapopata wateja. Tunachopima hapa ni kile cha aina iliyozoeleka: kuta nne na paa, kila upande una kitovu kimoja katikati kinachoshika fito za faibaglasi, kitambaa ni poliesta, na kuta tatu ni za wavu unaomruhusu aliye ndani kuona nje bila yeye kuonekana. Sakafu ni kama sentimita 150 kwa 150, kimo ni 165 hivi, na mfuko mzima una uzito wa kilo 7 hadi 9. Lebo inasema ni cha watu watatu.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa mtu mzima mmoja na mtoto, ni ununuzi mzuri kuliko kiti chochote cha juu ya mti. Kwa watu wazima watatu, lebo ni ya matumaini. Na kwa wote, kibanda hiki kinaficha mwendo tu: sauti, harufu na mwanga vinapita kama kawaida, na malalamiko mengi ya wanunuzi yanatokana na kusahau hilo.

Kwa nini kinafaa watoto? Mtoto hawezi kutulia saa tatu. Atajikuna, atageuka, atauliza kama kulungu ameshafika. Kwenye kiti cha mtini kila moja ya hayo inaonekana, na juu yake kuna hatari ya kuanguka: kila aliyepanda lazima awe amefungwa mkanda wa mwili tangu mguu unapoacha ardhi, na mikanda mingi imekatwa kwa vipimo vya watu wazima. Ndani ya kibanda mtoto anaweza kuinua kikombe mdomoni huku kulungu akiwa mita arobaini. Kuna jambo la kisheria pia. Wisconsin iliondoa kikomo cha umri kwa wanaowinda chini ya mlezi mnamo 2017, ila mlezi anatakiwa asikae mbali na mwanafunzi wake zaidi ya urefu wa mkono. Kibanda chenye upana wa mita moja na nusu kinalitimiza sharti hilo bila mtu kufikiria.

Tuje kwenye kukikunjua, maana hapa ndipo vinapovunjikia. Kila kitovu kina ukanda mfupi nje. Kanyaga ukingo wa chini wa ukuta, shika ukanda kwa mikono miwili, vuta moja kwa moja kuelekea kifuani hadi kitovu kiruke kwa nje. Mfuatano wa kuta na paa unatofautiana kidogo kati ya watengenezaji, kwa hiyo fuata karatasi yao. Kisichotofautiana ni kwamba nguvu iende kwenye kitovu. Anayevuta pembe, au anayeukokota ukuta ukiwa umejipinda, anaikunja fito mahali inapoingia kwenye kitovu, na fito za aina hii hukatika hapo hapo karibu kila mara. Kitambaa kilicholowa na kuganda huongeza tatizo: hakinyooki, hivyo mzigo wote unarudi kwenye fito. Ukikiacha kibanda nje usiku na asubuhi kimekakamaa, kipige taratibu kwa viganja kwanza barafu imwagike, ndipo ukivute. Kabla ya kununua, uliza kama fito za akiba zinauzwa peke yake na zina kipenyo kile kile. Kibanda kisicho na fito za akiba ni cha msimu mmoja, hata kama kitambaa chake ni kizuri namna gani. Kwa dharura porini, kipande cha bomba jembamba la chuma kikivishwa juu ya mvunjiko na kuzungushiwa utepe mgumu wa gundi kitakufikisha jioni.

Vigingi vinavyokuja ndani ya mfuko ni vya kutupa. Ni vifupi, vyembamba, na kwenye ardhi iliyoganda vinapinda kabla havijazama nusu. Nunua vinne vya chuma kinene vyenye urefu wa angalau sentimita 25 kwa ajili ya pembe, na vingine vinne kwa kamba zinazotoka kwenye vitovu vya kuta. Kamba hizo wengi huziacha mfukoni, kisha upepo ukija unasukuma ukuta ndani, kitovu kinaruka, na kibanda kinajikunja kichwani mwa babu. Theluji nayo hukaa katikati ya paa. Sentimita chache za theluji yenye maji zinatosha kulipindua paa ndani na kuvunja fito mbili kwa mpigo. Kama unakiacha kwa siku kadhaa, sukuma kitovu cha paa ndani mwenyewe unapoondoka.

Wavu ndio unaouza kibanda hiki, na unastahili sifa, kwa sharti moja: ndani kuwe na giza kuliko nje. Ukuta wa nne, ule usiopitisha mwanga, lazima uwe nyuma ya mgongo wako na mlango wake ufungwe hadi chini. Ukifungua madirisha pande mbili zinazotazamana, mwanga unapita katikati na kulungu anaona kivuli cha kichwa kikigeuka. Vaeni nguo nyeusi au za rangi nzito ndani, na msiwashe simu. Skrini moja ya mtoto saa kumi na mbili asubuhi inafuta kazi yote ya wavu. Lawama moja ya kweli: kupitia wavu, darubini hupoteza ukali, na dakika za mwisho za jioni hutaweza kuhesabu pembe za dume. Baridi ikizidi, pumzi za watu watatu zinaganda juu ya wavu na kuugeuza kuwa pazia. Acha upenyo wa vidole viwili juu ya dirisha moja ili mvuke utoke.

Kupiga risasi kupitia wavu si jambo la kujaribu. Kwa bunduki, fungua dirisha moja mapema kabla hamjaanza kusubiri, na mengine yabaki yamefungwa. Mdomo wa mtutu utokeze nje ya kitambaa kabla kidole hakijafika kwenye kilimi. Angalizo ambalo halimo kwenye karatasi ya maelekezo: darubini ya bunduki iko juu ya mtutu kwa sentimita nne hivi. Jicho linaweza kuona kulungu wazi kabisa huku mtutu ukitazama ukingo wa chini wa dirisha. Matundu yenye kingo za kuungua chini ya madirisha ya vibanda vya mitumba yanatoka hapo. Kwa upinde, baadhi ya vibanda vina wavu mwembamba wa kupitishia mshale, lakini ni kwa chembe, yaani ncha za mshale, zenye makali yaliyokaa imara tu. Chembe zenye visu vya kukunjuka hufunguka zikigusa wavu na mshale unapotea njia.

Mlio ndani ya kitambaa ni jambo zito kuliko wauzaji wanavyosema. Karibu bunduki zote za kuwindia huvuka desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja unaweza kuharibu masikio moja kwa moja, na wavu haupunguzi kitu. Viziba masikio vya elektroniki, vinavyoacha mnong'ono upite na kukata mlio, viwe juu ya kila sikio, hata la asiyepiga. Bunduki yenye kifaa cha kupunguza teke mdomoni iache nyumbani, kwa sababu hurudisha mlipuko pembeni, yaani kwa mtoto.

Na ingawa Wisconsin sasa inaruhusu mlezi na mwanafunzi kila mmoja awe na silaha yake, ushauri wetu ni bunduki moja tu iliyojazwa ndani ya kibanda. Nafasi haitoshi kuelekeza mitutu miwili mahali salama. Ingieni kwa utaratibu: bunduki haina risasi na bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu) iko wazi, mtu mzima anaingia kwanza mikono mitupu, anapokea bunduki mdomo ukiwa juu, mtoto anafuata, mlango unafungwa, kisha ndipo risasi inawekwa. Kutoka ni kinyume chake.

Viti. Dirisha huanza juu kidogo kutoka chini, na mtoto aliyekaa kwenye stuli fupi huenda asione nje vizuri. Tafuta kiti chenye miguu inayorefuka na nyayo pana zisizozama kwenye tope, na kiwe cha kuzunguka bila kulia. Mtu mzima mwenye mabuti makubwa, begi na kiti cha kuegemea anakula nusu ya sakafu. Ongeza stendi ya miguu mitatu ya kuegemezea bunduki, ambayo kwa mtoto si anasa, na hesabu ya lebo inaisha. Wazima wawili na mtoto mmoja, mabegi yakiwa chini ya viti, ndio mwisho wake.

Zipu ni udhaifu mwingine. Zinalia, na zikiloa zinaganda. Zipakwe nta ya nyuki nyumbani kabla ya msimu. Velkro kwenye madirisha ni mbaya zaidi, kwani mlio wake unafika mita mia moja asubuhi tulivu. Kibanda chenye vishikizo vya kulabu au sumaku kinastahili kuchaguliwa kwa sababu hiyo pekee. Safisha sakafu ya majani makavu na vijiti mpaka udongo uonekane, ndipo mtandike kipande cha zulia kuukuu. Zulia linazima kishindo cha mabuti na linatenganisha nyayo za mtoto na ardhi ya barafu, na mtoto hulalamikia miguu kabla ya kitu kingine chochote. Jiko la gesi la kubebeka hatulishauri kabisa: kitambaa kinashika moto, na gesi ya kaboni monoksidi haina harufu ya kukuonya. Mablanketi na vifuko vya kupasha joto vinatosha, mradi vifuko vikae juu ya soksi, visiguse ngozi.

Kulungu wa mkia mweupe anajua kila kichaka cha eneo lake. Kibanda kilichoota usiku mmoja atakizunguka kwa mbali, akikanyaga mguu chini kwa kishindo. Kiwekwe wiki mbili au tatu mapema, kikiwa kimepeperushwa nje siku kadhaa ili harufu ya kiwandani ipungue, na kivishwe matawi ya miti ya hapo hapo, hasa kuvunja mistari iliyonyooka ya paa. Vitanzi vya kushikia matawi kwenye kibanda hiki ni vichache, shona vingine. Upepo utoke njia ya kulungu kuja kwenu, na jua la asubuhi lisipige moja kwa moja kwenye wavu wa mbele, kwa kuwa linaangaza nyuso. Kwa bunduki, mita 50 hadi 100 kutoka kwenye njia zinampa mtoto utulivu. Kwa upinde, mita 20.

Rangi ya chungwa haimtishi kulungu: macho yake hayatofautishi vizuri chungwa na nyekundu, ila huona samawati na miale ya urujuanimno kuliko sisi. Usikifue kibanda kwa sabuni yenye kemikali za kung'arisha. Kwenye ardhi za Idara ya Maliasili ya Wisconsin, kibanda wakati wa msimu wa bunduki lazima kionyeshe inchi za mraba 144 za chungwa kali au waridi kali, zionekane kutoka pande zote. Majimbo mengine yana vipimo vyao. Kibanda hakiji na kitambaa hicho, na bila sheria yoyote bado ungekitaka, kwa sababu kibanda kilichofichwa vizuri hakionekani pia na mwindaji wa upande wa pili. Fulana ya chungwa ivaliwe njiani kuja na kuondoka. Soma kanuni za jimbo lako kabla ya kuivua ukiwa ndani.

Asiyekihitaji ni nani? Anayetembea kilomita nyingi kutafuta nyayo, maana kilo 9 mgongoni pamoja na viti ni adhabu. Pia anayewinda msitu mnene sana, ambako hakuna hata mita mbili za kukikunjua bila kukata miti. Hao wachukue pazia jepesi la vigingi vitatu.

Msimu ukiisha, kikunjue tena nyumbani kwenye upepo mpaka mishono ikauke, kwa kuwa ukungu huanzia kwenye mishono na hula mpako wa kuzuia maji. Mfuko wake umebana kupita kiasi. Kirudishe ndani ya mfuko mkubwa zaidi badala ya kulazimisha fito, ukitundike juu ya ukuta mbali na panya, na vile vigingi vinene viwe kwenye begi lingine ili ncha zake zisitoboe wavu.