Ganda la Risasi la Kuweka Mezani: Tazama Kitako Kwanza

Mwezi uliopita nilitoa pauni 30 kwenye gulio la vitu vya kale hapa Uingereza, nikauziwa "ganda la Mjerumani kutoka Tanga, 1914". Liling'aa kama bangili ya bi harusi. Kufika nyumbani, nikaligeuza na kulimulika kwa tochi ya simu, mwanga ukija kwa upande. Kitako kilikuwa kimesuguliwa, ila maandishi hayakwisha yote: R, G, na 43. RG ni Radway Green, kiwanda cha Waingereza cha wakati wa Vita vya Pili. Ganda langu la Tanga limezaliwa miaka 29 baada ya mapigano ya Tanga, tena kwa adui!

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kukusanya maganda matupu na mnaoniuliza muanze na lipi, habari za kutu na nyufa sitawaeleza, macho mnayo. Shida yangu ni kitako. Pale kuzunguka fataki, kile kidude cha katikati kinachowasha baruti, ndipo kiwanda kilipopiga muhuri wake na mwaka. Muhuri ukifutika, mkononi unabaki na shaba tu, na muuzaji anaweza kukupa hadithi yoyote. Nao wanausugua makusudi! Wengine wanalitoboa ganda kabisa wakatia mnyororo wa funguo, halafu bei inapanda.

La kwanza: .303 ya Kynoch. Napendelea, sifichi. Kynoch walikuwa kiwanda cha risasi huko Witton, Birmingham, na muhuri wao ni K. Ninalo moja limeandikwa K16 VII. Hiyo VII ni toleo la saba, la 1910, lililoleta kichwa chenye ncha kali cha gramu 11.3. Kaliba yenyewe, yaani upana wa mtutu, inchi .303 au 7.7 mm, Waingereza waliichagua 1888 huku baruti yao isiyo na moshi haijawa tayari, ikabidi waanze kwa kushindilia baruti nyeusi. Ni kama kununua sufuria kabla hujajua utapika nini. Kitakoni wakaacha ukingo mpana wa mtindo wa zamani, na ukingo huo uliwatesa askari: ukipanga risasi vibaya, ukingo wa risasi ya juu unanasa nyuma ya ule wa chini, bunduki inagoma. Pamoja na hayo walikaa nayo hadi miaka ya 1950. Pitisha kucha juu ya ukingo huo, utauhisi hata gizani.

La pili: 8 mm ya Lebel, bunduki ya Wafaransa. Umbo lake ni la chupa iliyonenepa chini, na kisa chake ni haraka. Mwaka 1884 Paul Vieille aliwapa Wafaransa baruti isiyo na moshi. Kabla yake majeshi mengi yalitumia kaliba ya 11 mm hivi, kwa kuwa baruti nyeusi haikuwa na nguvu ya kukimbiza risasi nyembamba. Jenerali Boulanger, waziri wa vita, akataka bunduki mpya upesi. Mafundi wakachukua ganda la 11 mm la Gras, bunduki yao ya zamani, wakalibana shingo. Miaka thelathini baadaye, bombomu lao la Chauchat lilifungwa magazini iliyopinda kama nusu ya sahani kwa sababu ya ganda hilo nene. Muhuri wake ni utamu mtupu: unakutajia hata robo ya mwaka.

La tatu: 11 mm ya Mauser, bunduki ya Wajerumani, mtindo wa 1871. Hili ndilo ningepaswa kuuziwa. Novemba 1914 askari wengi wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, bado walikuwa na bunduki hizo kuukuu za baruti nyeusi. Ukipiga mara moja, wingu jeupe linamwonyesha adui ulipolala. Waingereza waliposhindwa Tanga na kurudi merikebuni, waliacha bunduki za kisasa na risasi 600,000. Kwa hiyo hata .303 ingeweza kuwa ya Tanga kweli, mradi mwaka wake usizidi 1914. Nimeliweka la tatu kwa sababu ya bei tu. Wauzaji wakishasikia unataja Afrika Mashariki, wanaongeza sifuri.

Za bei ya chee: 5.56 na 7.62 fupi ya Kirusi zimejaa kila meza, chukua moja ukipenda. .30-06 ya Marekani inasogea juu kidogo kwa kisa chake. Mwaka 1932 Jenerali MacArthur, mkuu wa jeshi la Marekani, aliikataa kaliba ndogo ya .276 iliyokuwa imependekezwa baada ya majaribio, sababu mojawapo ikiwa maghala yaliyojaa risasi za .30, yaani hizo hizo za .30-06.

Nunua ganda tupu, fataki iwe imeshapigwa. Risasi nzima ni kesi. Na usilitie kwenye begi la safari ya nyumbani kabla hujawauliza wa ndege na polisi wa huko uendako.

Yule muuzaji hakunirudishia hata senti. Alisema wateja wanapenda yanayong'aa. Juzi nimepita tena mezani kwake: ganda la 11 mm, la kweli safari hii, jeusi kwa uzee, na pembeni kopo la dawa ya kung'arishia limeshafunguliwa. Nikamwuliza bei kabla hajachovya kitambaa.